Ndege Ambayo Haikuwepo na Watu Waliokuwepo

Juzi usiku nilishambulia Libya.

Tulieni kwanza. Nilikuwa kwa kitanda, laptopu kwa magoti, bando inakaribia kuisha, na nilikuwa nacheza geimu inayoitwa F-15 Strike Eagle. Geimu yenyewe ni ya 1984. Mimi sikuwa nimezaliwa, na wazazi wa wengi wenu bado walikuwa wanavaa kaptura za shule. Siku hizi kuna watu wameziweka hizi geimu za kitambo kwa intaneti, unafungua kwa brauza unacheza bure. Mimi nikianza kuchimba vitu vya kitambo huwa silali, na ndio hivyo nikajipata juu ya Libya saa saba usiku.

Ukianza, ndege yako iko hewani tayari. Mbele yako kuna mstari mmoja: juu yake mbingu, chini yake ardhi. Ardhi yote ni tambarare, ni kama mtu amemwaga rangi kwa sakafu, halafu kuna vidoti vinavyokupita ndio ujue unasonga. Chini ya skrini uko na ramani, rada na hesabu ya silaha zako. Adui anatokea kwa rada, unageuka, unampiga, unaendelea kutafuta shabaha uliyotumwa kulipua.

Sasa, mimi si rubani. Nilikaribia pale ramani inasema kuna shabaha, nikaachilia bomu mapema sana. Likaanguka kando. Nikangoja nione. Hakuna kitu. Hakuna nyumba iliyobomoka, hakuna mtu aliyekimbia, hakuna hata maneno ya kuniambia nimekosea. Bomu lilianguka mahali ambapo, kwa hesabu za geimu, hapakuwa mahali.

Nikafunga laptopu lakini hiyo kitu ikanikaa kichwani. Libya si vidoti. Ni nchi, iko kwa bara hili letu, na watu wanaishi huko. Tena miaka michache tu baada ya hii geimu kutoka, mabomu ya ukweli ya Marekani yaliangukia Tripoli. Mengine yalianguka kando pia, na huko kando kulikuwa na nyumba za watu.

Kwa hivyo leo tunaongea historia. Sitaki kukuambia geimu ni mbaya, kwa sababu mimi mwenyewe nitacheza tena leo usiku. Nataka tuangalie kitu kimoja: kitu gani kiliingia kwa hii geimu, kitu gani kilitolewa, na nani aliamua.

Mwanzo ulikuwa uwanja wa burudani

Wengi tunadhani jeshi lilitengeneza simuleta za ndege kwanza, halafu zikashuka pole pole hadi kwetu sisi wa kucheza. Ni karibu kinyume.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kulikuwa na kijana Mmarekani, Edwin Link. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha piano na ogani mjini Binghamton, New York. Jamaa alitaka kujifunza urubani lakini masomo yalikuwa bei ghali. Akachukua mivukuto na pampu za kutengenezea ogani, akaunda kandege kadogo kasikoruka. Unakaa ndani, unashika usukani, kanainama na kugeuka kama kako hewani. Ni nani walinunua kwanza? Viwanja vya burudani, zile sehemu za kupeleka watoto wikendi. Jeshi la Marekani lilikuja kununua mwaka wa 1934, baada ya marubani wake kadhaa kufa wakibeba barua katika hali mbaya ya hewa. Kufika Vita vya Pili vya Dunia, toi ya Link ilikuwa inafunza marubani maelfu kwa maelfu.

Weka hiyo kwa akili. Tangu mwanzo, ukuta kati ya burudani na vita ulikuwa mwembamba, na mlango wake ulifunguka pande zote mbili.

Songa mbele hadi 1979. Kompyuta zimeanza kuingia nyumbani. Bruce Artwick anatoa simuleta ya ndege ya Apple II, kati ya zile za kwanza kabisa za kompyuta za nyumbani. Picha zake ni mistari tu: mlima ni pembe tatu, daraja ni vijiti. Lakini hata humo ndani, penye kompyuta ilikuwa inapumua kwa shida, kulikuwa na sehemu ya kupigana angani kama Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu walikuwa wamepewa mbingu yote ya kuruka, na swali likaja haraka sana: tutampiga nani?

Halafu tunafika 1982, Las Vegas, na hii ndiyo sehemu ya stori ninayoipenda zaidi. Kuna wafanyakazi wawili wa kampuni ya vifaa vya elektroniki, General Instrument, wameenda mkutano wa kikazi. Mmoja ni programa mpole, anaitwa Sid Meier. Mwingine ni Bill Stealey, amewahi kuwa rubani wa jeshi la anga la Marekani, ana sauti kubwa na maringo ya kutosha. Wakapata mashine ya kucheza inaitwa Red Baron, ya kurusha ndege za zamani na kupiga maadui. Stealey akakaa, akapiga, akapata pointi nzuri. Rubani wa ukweli, unategemea nini? Halafu Meier akakaa. Akamshinda.

Stealey akataka kujua programa amemshinda rubani aje. Meier akamweleza kwamba aliangalia tu vile ndege za mashine zinasonga, akaona zinarudia mitindo ile ile, akaikariri. Akasema anaweza kuandika geimu bora kuliko hiyo. Stealey akamjibu akiandika, yeye ataiuza. Hivyo ndivyo kampuni ya MicroProse ilizaliwa, mwaka huo huo, kule Maryland.

Geimu yao ya ndege ikaitwa Hellcat Ace. Stealey alikuwa anaibeba mwenyewe duka kwa duka. Inasimuliwa kwamba alikuwa anapigia maduka simu akijifanya mteja, anauliza kama wako na Hellcat Ace. Hawana. Anapiga tena siku nyingine na sauti tofauti. Bado hawana. Baadaye anapiga akiwa yeye mwenyewe, muuzaji wa MicroProse, na sasa mwenye duka anajua hiyo kitu inatafutwa sana. Maze, hiyo ni akili ya Gikomba kabisa. Hapo nilimkubali huyu mzee.

Miaka miwili baadaye Meier akaandika F-15 Strike Eagle. Ilianza kwenye kompyuta za Atari, ikahamia Commodore 64, IBM na nyingine nyingi, na ikawa moja ya geimu zilizoiuzia MicroProse sana.

Kompyuta ndogo kuliko picha yako moja

Kabla nianze kulalamika, wacha tuwape heshima yao.

Commodore 64 inaitwa hivyo kwa sababu ilikuwa na memori ya kilobaiti 64. Piga picha moja na simu yako sasa hivi. Kama ni ya megabaiti 3, hiyo picha ingehitaji karibu Commodore 50 kuibeba. Picha moja tu, pengine ya chapo. Sasa Meier na wenzake walikuwa na hiyo nafasi moja ya kuweka ndege, maadui, makombora, rada, ramani, mafuta, sauti, kila kitu.

Kichwa cha hizo kompyuta, ile chipu, hakikuwa hata na amri ya kuzidisha. Ukitaka saba mara nane, unaandika programu ya kujumlisha na kusukuma namba hadi upate jibu. Na geimu ya ndege ni hesabu tupu. Ndege ikiinama, kila mstari kwa skrini lazima uhesabiwe upya, mara kadhaa kwa sekunde, la sivyo ndege inakwama hewani kama matatu kwa jam ya Thika Road. Maprograma wa siku hizo walikuwa wanapiga hesabu za pembe mapema na kuziweka kwa jedwali, ili kompyuta iwe inasoma jibu badala ya kutafuta.

Kwa hivyo kila kitu kilichoingia kilipigania nafasi. Ukiongeza mlima, unatoa kitu kingine. Ukiongeza aina ya kombora, unatoa kitu kingine. Mtengenezaji alikuwa kama mtu anayehama nyumba na mkokoteni mmoja: anachopakia kinakuambia anachothamini.

Sasa tuangalie mkokoteni.

Walipakia ndege, bila shaka. Walipakia makombora ya masafa mafupi na ya kati, bunduki, mabomu, matangi ya ziada ya mafuta, na vitu vya kudanganya makombora ya adui. Walipakia ramani za nchi za ukweli. Walipakia pointi. Kila misheni ilikuwa na mahali na mpinzani: Libya, Vietnam, Ghuba ya Uajemi.

Na hapa ndio nilianza kukuna kichwa.

Nani alikuwepo, nani hakuwepo

Chukua misheni ya Libya. Kulikuwa na tukio la ukweli: tarehe 19 Agosti 1981, juu ya Ghuba ya Sidra, ndege mbili za Marekani ziliangusha ndege mbili za Libya. Lakini zile za Marekani zilikuwa F-14 za jeshi la majini, zilizoruka kutoka kwa meli. Hakuna F-15 iliyokuwa kwa hayo mapigano.

Chukua Vietnam. F-15 iliruka mara ya kwanza kabisa Julai 1972, ikiwa ndege ya majaribio tu. Wanajeshi wa Marekani waliondoka Vietnam 1973. F-15 ilianza kazi jeshini katikati ya miaka ya 1970. Haikupigana Vietnam hata siku moja.

Na hata lile jina, Strike Eagle. Ile F-15 iliyotengenezwa maalum kubeba mabomu mazito, F-15E, iliruka mara ya kwanza Desemba 1986. Geimu ilitangulia ndege yenyewe.

Umeona sasa? Historia ilifunguliwa mlango ili ndege ambayo haikuwepo iingie. Hakuna mtu alisema, "Hapana, hiyo si ukweli, itoe." Ilikuwa geimu, ilikuwa poa, ikaingia. Sina shida na hiyo. Shida yangu ni kwamba watu ambao walikuwepo, wenye Tripoli, wenye Hanoi, wenye masoko na shule na mabibi wanaoanika nguo kwa paa, hao hawakupewa hata doti moja. Ndege ilipewa vita ambavyo haikupigana. Watu walinyimwa miji ambayo walikuwa wanaishi.

Halafu ikafika Aprili 1986. Tarehe 5, bomu lililipuka kwenye disko moja Berlin Magharibi penye wanajeshi wa Marekani walikuwa wanapenda kwenda. Watu watatu walikufa: wanajeshi wawili wa Marekani na mwanamke mmoja Mturuki. Rais Reagan akasema ni Libya. Usiku wa kuamkia tarehe 15, ndege za Marekani zikapiga Tripoli na Benghazi. Zile kubwa, F-111, zilitoka Uingereza. Ufaransa ilikataa zipite kwa anga yake, ikabidi zizunguke mbali sana kupitia bahari.

Sitamtetea Gaddafi hapa. Mambo aliyofanyia watu wake na watu wa nje yanajulikana. Lakini mabomu hayakuanguka kwa Gaddafi peke yake. Mengine yalikosa shabaha, yakaanguka mtaa wa Bin Ashur, Tripoli, mtaa wa nyumba za watu. Ubalozi wa Ufaransa, ile nchi iliyokataa ndege zipite, ulikuwa mtaa huo na uliharibiwa. Raia walikufa kwa nyumba zao. Wanajeshi wawili wa anga wa Marekani pia hawakurudi, ndege yao ilianguka baharini.

Kwa hivyo fikiria kijana wa Ohio au Manchester, Aprili hiyo 1986. Amecheza misheni ya Libya pengine mara mia. Habari zinatokea kwa TV: Tripoli imepigwa. Kichwani mwake, Tripoli ni nini? Ni ramani, ni rada, ni vidoti, ni pointi. Ameshaenda huko mara nyingi na hajawahi kukutana na mtu hata mmoja.

"Lakini msee, ni geimu tu"

Najua, nakusikia. Na uko na hoja mbili nzuri, wacha nizijibu kwa heshima.

Hoja ya kwanza: kompyuta zilikuwa ndogo. Watu wangewekwa wapi kwa kilobaiti 64? Ni kweli, hawangeweza kuchora mji. Lakini kumweka mtu kwa geimu si lazima umchore. Mstari mmoja wa maneno ukikosa shabaha, "Bomu limeangukia nyumba za raia", unakula nafasi ya herufi thelathini na kitu. Kupunguza pointi ni kutoa tu, na kutoa ni hesabu rahisi kuliko zote. Nafasi ya kuongeza pointi ilikuwepo. Ya kupunguza pia ilikuwepo.

Na memori ilikuja kuongezeka. F-15 Strike Eagle II ilitoka 1989, ikiwa na picha za kupendeza zaidi, ndege za umbo kamili, milima, rangi. Libya ilirudi kwenye orodha. Hii ilikuwa miaka mitatu baada ya Bin Ashur. Kompyuta ilikuwa imepata nafasi, na ile nafasi ikaenda kwa ndege nzuri zaidi na milipuko mizuri zaidi. Kwa hivyo tusilaumu mashine. Mashine ilikuwa kisingizio cha miaka mitano tu. Baada ya hapo ilikuwa ni mazoea.

Hoja ya pili: anayecheza anajua tofauti ya geimu na ukweli. Hapa pia nakubali, tena sana. Sijawahi kucheza geimu nikaamka nataka kulipua mtu. Ujerumani Magharibi iliiweka F-15 Strike Eagle kwenye orodha ya vitu visivyofaa vijana miaka hiyo ya 1980, na mimi nadhani walikosea. Ukimkataza kijana kitu unampa sababu ya kukitafuta, na hujamfunza lolote.

Geimu haikufunzi kuua. Inachokufunza ni mahali pa kusimama ukiangalia. Inakuweka juu, kwa kiti cha rubani, mara mia, mara elfu, hadi unaona hapo ndipo mahali pa kawaida pa kuangalia vita. Ukiulizwa vita ni nini, jicho lako linaanza juu.

Angalia kilichotokea 1991, Vita vya Ghuba. Sasa F-15E ya ukweli ilikuwa kazini. Majenerali wa Marekani walikuwa wanakuja mbele ya waandishi wa habari na video: alama ya shabaha katikati ya skrini, jengo la kijivu, bomu linaingia, skrini inakuwa nyeupe. Watu wakaviita vita vya Nintendo, na walijua wanachosema, kwa sababu ile picha walikuwa wameshaiona sebuleni kwao. Tarehe 13 Februari mwaka huo, mabomu mawili ya ndege nyingine za Marekani yaliingia kwenye kimbilio la Amiriyah, Baghdad, penye familia zilikuwa zimejificha. Zaidi ya raia 400 walikufa. Kutoka juu, lile lilikuwa paa tu kama mapaa mengine. Na muda mfupi baada ya vita, mashabiki wa F-15 Strike Eagle II wakauziwa diski ya ziada ya kucheza vita hivyo hivyo.

Sisi tulikuwa chini

Sasa niongee na wewe Mkenya unayefikiri hii ni stori ya Waarabu na Wamarekani.

Kati ya 1953 na 1955, ndege za Waingereza zilipiga mabomu misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Zilianza na ndege ndogo za Harvard, halafu wakaleta Lincoln, ndege kubwa za kubeba mabomu mazito. Serikali ya kikoloni ilikuwa imechora sehemu za msitu kwenye ramani na kuzitangaza marufuku. Ukipatikana ndani ya ule mstari, unaweza kupigwa, haijalishi wewe ni nani. Ukiangalia vizuri, hiyo ramani ni ramani ya geimu: ndani ya mstari hakuna watu, kuna shabaha.

Lakini kulikuwa na watu. Mmoja wao alikuwa Muthoni wa Kirima, Field Marshal. Wengi wenu mlimwona 2022 kwa habari, akinyolewa zile rasta ndefu alizofuga tangu msituni. Alibaki msituni hadi 1963, na akafariki 2023. Unaweza kufikiria geimu ya Lincoln juu ya Nyandarua: mstari, msitu, vidoti, pointi. Ungecheza vizuri, ungepanda cheo. Na Muthoni angekuwa wapi? Angekuwa mahali pale bomu langu la juzi lilipoanguka. Mahali ambapo si mahali.

Ndio maana hii kitu ilinikaa kichwani. Nilipokuwa juu ya Libya na kiti changu cha rubani nilijiona mwenye ndege. Lakini historia yetu, ukiiangalia bila kujidanganya, inatuweka chini. Tunacheza tukiwa juu, na mababu zetu walikuwa wanasikiliza injini kutoka kwa mapango.

Tufanye nini basi

Sisemi uache. Mimi siachi. Ile raha ya kumgeukia adui akiwa nyuma yako ni raha ya ukweli, na kazi ya Meier kwa kompyuta ya kilobaiti 64 bado inanishangaza kila nikiifungua.

Nasema cheza ukiwa na maswali. Ukifungua geimu yoyote ya vita, hata ile uko nayo kwa simu sasa hivi, jiulize: hii ramani ni ya nani? Nikikosa shabaha, kuna kitu kinatokea? Na hawa watu wa hapa, wako wapi? Ukiona mji mzima wa Kiarabu au wa Kiafrika wenye maduka, nguo kwa kamba na pikipiki zimeegeshwa, lakini hakuna mtu isipokuwa wenye bunduki, jua mtu aliketi mezani akaamua hivyo. Mwaka wa 1984 angeweza kusema memori haitoshi. Leo hana hiyo sababu.

Na inawezekana kufanya tofauti. Mwaka wa 2014 kampuni moja ya Poland, 11 bit studios, ilitoa This War of Mine. Humo wewe si mwanajeshi. Wewe ni raia kwa mji uliozingirwa, stori iliyochukuliwa kutoka kwa masaibu ya Sarajevo miaka ya 1990. Unatafuta chakula, dawa, kuni. Geimu ni ngumu, inauma, na watu waliinunua kwa wingi. Kwa hivyo mtu asikuambie kwamba vita kutoka chini haviwezi kuchezwa.

Maneno yangu ya mwisho ni kwa wale wenu mnajifunza kuandika programu, mko campus au mko na kozi za usiku kule tao. Nairobi imeshatengeneza geimu za risasi. Nairobi X ya Andrew Kaggia iliweka mapigano kwa barabara zetu wenyewe, na ilikuwa raha kuona majengo tunayoyajua. Hatua inayofuata ni yenu. Mkifika pale pa kuchagua nini kinaingia na nini kinatoka, mkumbuke kwamba hiyo si kazi ya ufundi peke yake. Hapo ndipo mnaamua nani yuko na nani hayuko.

Jana nilirudi kwa F-15 Strike Eagle. Nikaruka tena hadi Libya, na mara hii sikupiga kitu. Nilizunguka tu juu ya vidoti nikijaribu kuwaza Bin Ashur ingekuwa upande gani, hadi mafuta yakaisha nikaanguka. Pointi zilikuwa mbaya sana.

Wewe geimu yako ya vita ni gani, na ukikosa shabaha huko ndani, kunatokea nini? Nenda ujaribu leo, halafu uniambie.